Ubongo Hautiwi Mizanini

Imekuwa desturi ya baadhi yetu kusema kwamba mtoto wa Kibera au wa Kawangware akianguka mtihani, basi kichwa chake ndicho kizito. Nawasihi walimu na wanafunzi wayatafakari maneno hayo, kwani yana asili yake, na asili hiyo imo humu humu Nairobi.

Mwaka 1859 Charles Darwin alieleza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Hakumwandikia yeyote hati ya kumiliki nchi ya mwenziwe. Lakini wenye tamaa ya kutawala waliigeuza nadharia hiyo kuwa ngazi: wakamweka Mzungu juu, Mwafrika chini, kisha wakadai kwamba wa juu kumtawala wa chini ni sheria ya maumbile.

Hapa kwetu, ardhi ilikuwa imekwisha kutwaliwa kwa sheria za 1902 na 1915. Sayansi iliitwa baadaye kuja kuubariki unyang'anyi huo. Mwaka 1933 Daktari H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya Mathari, na wenzake waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Mwaka 1934 Daktari F. W. Vint alichapisha matokeo ya kupima bongo 100 za Waafrika, akadai kwamba ubongo wa Mwafrika mzima ni sawa na wa mtoto wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Gordon naye alionya kwamba elimu ya Kizungu ingemdhuru Mwafrika. Yaani mtu ananyimwa shule, kisha kutosoma kwake kunafanywa ushahidi wa kumnyima shule!

Elimu ya mageuko yenyewe imewaumbua, kwa kuthibitisha kwamba asili ya binadamu wote ni Afrika. Na aliyegundua mabaki mashuhuri ya kijana wa kale karibu na Ziwa Turkana, mwaka 1984, ni Kamoya Kimeu, Mkenya aliyesoma shule ya msingi tu.

Kwa hiyo, mada ya mageuko inapofundishwa, nashauri habari za Gordon na Vint zifundishwe pia. Na mtoto anayebanana na wenziwe darasani bila kitabu, tuulize kwanza amenyimwa nini kabla ya kumhukumu. Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakusema ni nyama ya kupimwa kwa ratili.