Kugawa dakika si usawa

Mwandishi, katika makala yako kuhusu usawa redioni umesema vizuri, ila umeiachia redio ya umma mlango wa kutokea: eti mradi kila upande umepewa maikrofoni, kazi imekwisha. Thubutu! Februari 2014 kipindi cha Today cha BBC Radio 4 kiliwakutanisha Brian Hoskins, mwanasayansi wa tabianchi, na Nigel Lawson, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Uingereza na mwenye kutilia shaka sayansi hiyo. Mmoja kwa mmoja. Aliyekuwa akisikiliza huku anakunywa chai angedhani wanasayansi nao wamegawanyika nusu kwa nusu. Malalamiko yakapelekwa, na kitengo cha malalamiko cha BBC yenyewe kikayakubali.

Ungedhani wamekoma. Agosti 2017 Lawson huyohuyo akarudi hewani, akadai, kimakosa, kwamba wastani wa joto la dunia umeshuka kidogo katika miaka kumi iliyopita. Mtangazaji hakumbana. Aprili 2018 Ofcom, wasimamizi wa utangazaji, wakaamua kanuni imevunjwa. Na siku ile Al Gore, mtetezi wa hatua za kulinda tabianchi, naye alihojiwa katika kipindi hichohicho, kwa hiyo anayehesabu wageni tu asingeona kasoro yoyote. Kilichokosekana ni mtangazaji mwenye takwimu mkononi na ujasiri wa kukatiza.

Kwa hiyo wasikilizaji wenzangu, tuache kulia kila siku kwamba "upande wetu umepewa muda mchache". Tulalamikie swali ambalo halikuulizwa. Andikeni tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, kisha mpeleke malalamiko yenu kwa maandishi.