Fyuzi sio adui yetu jamani!

Huku chuoni boom halijaingia, msosi ni ule ule, kwa hiyo leo tuongelee umeme.

Bonde la Kilombero lina maajabu yake. Kihansi kuna mitambo ya megawati 180, Kidatu pale mlangoni megawati 204, lakini ukienda kambi za mpunga nje ya Ifakara watu wanaishi kwa sola na betri. Sina ugomvi na sola. Ugomvi wangu ni hii tabia ya kifaa kikikata umeme tu, tunasema kibovu, tunakitoa, tunaunga waya moja kwa moja.

Ndugu yangu mmoja ana kibanda cha kuchaji simu huko mashambani. Alinunua inveta, akaichomeka kwenye kontrola ya sola, pale penye alama ya taa. Ikakata. Akairudisha, ikakata tena, na hapo hajachomeka hata simu moja! Akanipigia: "Mwalimu, fundi anasema turuke hiyo kontrola na fyuzi yake, tuweke waya mnene. Unasemaje?" Nikamwambia asubiri kwanza.

Sikilizeni. Ndani ya inveta, pale umeme unapoingilia, kuna kapasita kubwa. Ikiwa tupu ni kama debe kavu unalolitumbukiza mtoni: maji yanaingia kwa kishindo, halafu yanatulia. Chukua kapasita za maikrofaradi 4,700 na betri ya volti 12. Chaji yake ni kama kulomu 0.056 tu, kitu kidogo sana. Lakini ikiingia ndani ya elfu moja ya sekunde, wastani ni ampea 56! Kontrola ya ampea 10 haiwezi kujua kama hicho ni kishindo cha mara moja au ni shoti. Inakata, na iko sahihi kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu, pima hivi:

1. Toa kila kitu, kisha washa. Ikikata bila mzigo, tatizo ni kontrola au waya wake.
2. Weka taa ndogo ya volti 12. Ikiwaka vizuri, kontrola ni nzima.
3. Chomeka inveta tupu. Ikikata papo hapo, ni kishindo cha kapasita, au inveta yenyewe ina shoti.
4. Ikikata baada ya dakika kadhaa ukiwa umechomeka vitu, umezidisha mzigo. Ampea 10 kwa volti 12 ni wati 120 tu, usilete pasi hapo.

Kutenganisha shoti na kishindo ni rahisi. Pitisha umeme kwanza kwenye rezista ya omu 10: hapo haiwezi kuzidi ampea 1.2, na kapasita zinajaa ndani ya robo sekunde hivi. Pima volti za inveta. Zikipanda hadi karibu na 12, ni kishindo. Zikibaki chini na rezista inapata moto, toa haraka, hiyo ni shoti.

Na dawa? Inveta ifungwe kwenye betri yenyewe, sio kwenye kontrola, na iwe na fyuzi yake karibu kabisa na chanya ya betri, ya ukubwa ulioandikwa kwenye inveta. Ndivyo alivyofanya ndugu yangu na simu zinachajiwa. Mkumbuke tu kwamba hapo kontrola hailindi tena betri isiishe kabisa, kwa hiyo inveta yenyewe iwe na uwezo wa kujizima.

Waya mnene mahali pa fyuzi "unafanya kazi", sikatai. Utafanya kazi hata siku ya shoti ya kweli, betri itakapomwaga mamia ya ampea ndani ya kibanda cha makuti chenye magunia ya mpunga. Hapo kitakachokatika ni nini? Ni nyumba.

Sisi tunaosomea ualimu tuna deni hapa. Sekondari tulikariri kapasita kwa ajili ya mtihani, tukachora mistari miwili ubaoni, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba ndiyo inayokata umeme kibandani. Nikipangiwa shule popote, hata Mlimba ndani ndani, nitaanza na hiyo inveta.

Nawasilisha.