Chester hayupo, kiti chake kina mtu: Je, Linkin Park walikosea?

Kama ulikuwa mbele ya runinga usiku wa Mei 31, 2025 ukingoja PSG na Inter Milan waingie uwanjani, basi uliwaona. Kabla ya PSG kuitandika Inter 5-0 mjini Munich kwenye fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, Linkin Park walipanda jukwaani kutumbuiza. Mbele yao alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, anaimba kama mtu anayetoa kitu kilichomkwama kifuani miaka mingi.

Pale nilipokuwa natazamia, kibanda kimoja cha mpira mtaani kwetu, wengi walikuwa wanauliza tu mechi inaanza saa ngapi. Lakini nyuma yangu kulikuwa na jamaa mmoja wa miaka thelathini na kitu. Aliangalia skrini, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu si Chester, bana," kisha akatoka nje. Hakurudi hadi kipenga kilipolia.

Mimi nilibaki. Ila makofi sikupiga.

Najua utasema haya ni mambo ya wazungu, yanatuhusu nini? Subiri kidogo. Ukiwa umewahi kupenda bendi, timu au hata kipindi cha redio, halafu siku moja ukakuta mwingine ameketi mahali pa yule uliyempenda, hii hadithi ni yako pia.

Tuanze na wasioijua. Linkin Park ilianzishwa California mwaka wa 1996 ikiitwa Xero. Albamu yao ya kwanza, Hybrid Theory, ilitoka Oktoba 2000 na kuuza zaidi ya nakala milioni 12 Marekani pekee. Siri yao ilikuwa sauti mbili: Mike Shinoda anafoka, Chester Bennington anaimba, na akifika kwenye kiitikio anapasua anga. Julai 20, 2017, Chester alijitoa uhai akiwa na umri wa miaka 41. Oktoba mwaka huo wenzake walifanya tamasha moja la kumuaga pale Hollywood Bowl, Los Angeles, kisha kimya. Miaka saba.

Halafu Septemba 5, 2024 wakatangaza kwamba wamerudi. Sauti mpya ni Emily Armstrong kutoka bendi ya Dead Sara, na ngoma zitapigwa na Colin Brittain. Novemba wakatoa albamu, From Zero, jina linalorudi hadi kwa ile Xero ya mwanzo. Na hapo ndipo mashabiki walipogawanyika.

Kambi tatu

Kambi ya kwanza ni ya yule jamaa wa kibandani: bila Chester hakuna Linkin Park. Hawa hawana shida na Shinoda kuendelea na muziki. Wanachotaka ni abadilishe jina. Na wana mifano. Ian Curtis alipofariki Mei 1980, wenzake wa Joy Division waliliweka jina hilo kando wakaanza upya kama New Order. Kurt Cobain alipofariki mwaka wa 1994, Nirvana iliishia hapo, na mpiga ngoma wake Dave Grohl akaenda kuunda Foo Fighters. Walimzika mtu, wakazika na jina, na bado maisha yakasonga.

Kambi ya pili inasema bendi ni ya wenye bendi. Shinoda na mpiga gitaa Brad Delson walikuwepo kabla ya Chester, ndio walioianzisha. Nani amewapa mashabiki hati ya kumiliki jasho la mtu? Hawa nao wana mfano, tena mzito. Bon Scott wa AC/DC alifariki Februari 1980. Kufikia Julai mwaka uo huo, bendi ilikuwa na mwimbaji mpya, Brian Johnson, na albamu mpya, Back in Black, ambayo ni miongoni mwa albamu zilizouzwa zaidi katika historia ya muziki duniani. Wangesikiliza kambi ya kwanza, albamu hiyo isingekuwepo.

Kambi ya tatu haina ugomvi na kubadilisha mwimbaji. Ugomvi wao ni jinsi ilivyofanywa na aliyechaguliwa. Hawa nitawarudia, kwa sababu nadhani ndio wenye hoja ngumu zaidi.

Mtoto wa Unguja

Kuna jambo moja ambalo wengi hawakulitazama. Hiyo Septemba 5 waliyorudi Linkin Park ni siku ya kuzaliwa ya Freddie Mercury wa Queen, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Angekuwa hai, siku hiyo angetimiza miaka 78.

Freddie alifariki Novemba 1991. Ukitaka kujua jinsi ya kuishi na kiti kisicho na mwenyewe, tazama Queen. Mpiga besi, John Deacon, alistaafu. Brian May na Roger Taylor walipotaka kurudi jukwaani walimchukua Paul Rodgers, na baadaye Adam Lambert, kijana aliyejulikana kupitia shindano la American Idol. Lakini angalia tangazo lolote la tamasha lao: Queen + Adam Lambert. Hiyo alama ya kujumlisha ni ndogo, lakini imebeba mzigo. Inakwambia huyu ni mgeni wa heshima, mwenye nyumba tunamjua. Shabiki ananunua tiketi bila kuhisi amemsaliti mtu.

Linkin Park hawakuweka alama hiyo. Emily hakuja kama mgeni. Ni mwanabendi, ana nyimbo mpya zenye sauti yake, na za zamani anaziimba pia. Ndiyo maana kidonda kikafunguka. Queen waliuza kumbukumbu. Linkin Park wanataka kuuza kesho.

Huku kwetu jambo hili wala si geni. Msondo Ngoma ya Dar es Salaam ilianza mwaka wa 1964 kama NUTA Jazz, ikabadilisha majina, ikabadilisha waimbaji, na baada ya vifo vya TX Moshi William mwaka wa 2006 na Muhidin Gurumo mwaka wa 2014 haikuvunjwa. Gurumo mwenyewe aliwahi kuhama mwaka wa 1978 akaenda kuanzisha Mlimani Park, kisha baadaye akarudi. Mashabiki walilalamika? Bila shaka. Lakini bendi ile ilizaliwa chini ya chama cha wafanyakazi, na mwimbaji alikuwa kama mchezaji wa timu: anakuja, anaondoka, jezi inabaki. Bendi ya roki kwa kawaida ni marafiki watano au sita walioanzia chumba cha kulala cha mmoja wao. Mmoja akitoka, ni kama familia imepungua. Ndiyo sababu roki hulia zaidi.

Chester naye alikuwa mgeni

Sasa hapa ndipo ninapowashangaa watu wa kambi ya kwanza. Chester hakuwa mwimbaji wa kwanza wa bendi hii. Kabla yake kulikuwa na Mark Wakefield. Alipoondoka, vijana wakatafuta mwingine, na mwaka wa 1999 mtu mmoja akawaelekeza kwa Chester huko Arizona. Walimtumia kanda ya muziki, na yeye akaacha sherehe ya kuzaliwa kwake, akitimiza miaka 23, ili aende kurekodi sauti. Sauti unayoiita roho ya Linkin Park iliingia kwa mlango uleule alioingilia Emily.

Wala haikuishia hapo. Mwaka wa 2013, Stone Temple Pilots walimtimua mwimbaji wao Scott Weiland. Unajua nani alichukua nafasi yake? Chester Bennington. Alivaa viatu vya mwingine, akaimba nyimbo za mwingine mbele ya mashabiki ambao wengine walikuwa wamekunja uso, hadi alipoondoka mwaka wa 2015. Kwa hiyo ukisema kwamba kuchukua kiti cha mwimbaji mpendwa ni dhambi, mshitakiwa wa kwanza ni Chester mwenyewe.

Utanijibu kwamba Weiland alikuwa hai wakati huo, na ni kweli. Kufukuzwa kazi si sawa na kufa. Wakefield pia aliondoka kabla bendi haijajulikana, na hakuna aliyekuwa amelia na sauti yake usiku. Hoja yako naikubali nusu.

Nusu hiyo naijua vizuri, wacha nikuambie. Chester alipofariki nilikuwa shule ya bweni, simu marufuku. Habari zilinifikia Agosti shule zilipofungwa, wakati dunia nzima ilikuwa imeshamaliza kulia. Nililia peke yangu, nimechelewa. Baadaye nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo imekwama na kichwa hakitulii, sikuwa na mtu wa kumwambia siko sawa. Nyumbani wangeniambia niombe. Marafiki wangeniambia nikaze. Sauti iliyokuwa ikisema waziwazi kwamba mtu anaweza kuwa hayuko sawa ilikuwa hiyo ya Chester kwenye spika za masikioni, usiku. Na mwenye sauti hiyo alikuwa ameshindwa kujiokoa. Hilo linakutisha, na pia linakufunga naye. Baadaye nilipata mtu wa kuongea naye, na ukiwa uko hapo nilipokuwa, tafadhali na wewe mtafute. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu yetu iliamua kwamba sheria inayomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu inakiuka Katiba. Tumekuwa tukinyamaza kwa muda mrefu sana.

Kwa hivyo yule jamaa aliyetoka kibandani, mimi simcheki. Hakuwa anasusia bendi. Alikuwa anaomboleza.

Penye kosa

Sasa kambi ya tatu. Bendi ilipotangaza urejeo, mwanawe Chester alijitokeza hadharani kumshutumu Shinoda kwamba anafuta kumbukumbu ya babake. Mamake Chester naye alisema alihisi amesalitiwa, kwamba alitarajia kuambiwa mapema. Kisheria, pengine bendi haikuwa na deni lolote kwao. Lakini hata kwetu, ukitaka kubomoa nyumba aliyoijenga marehemu unapiga hodi kwanza. Hupigi hodi ili upewe ruhusa, unapiga hodi kwa sababu ndani kuna watu.

Pia ukaibuka mjadala kuhusu Emily. Mwaka wa 2020 alihudhuria kikao cha mapema cha kesi ya mwigizaji Danny Masterson, ambaye mwaka wa 2023 alipatikana na hatia ya ubakaji. Siku moja tu baada ya tangazo la bendi, Emily alitoa taarifa akisema alikwenda kumuunga mkono mtu aliyemwona rafiki, akatambua haraka kwamba amekosea, hajazungumza naye tangu hapo, na hatetei dhuluma dhidi ya wanawake. Wengine walitosheka, wengine hawakutosheka, na sioni ubaya wowote kwa shabiki kuuliza. Bendi ambayo nyimbo zake zimewabeba watu walioumizwa lazima itarajie swali hilo. Kosa lilikuwa kulingoja swali lije badala ya kulijibu mapema.

Lakini tusidanganyane. Kelele nyingine haikuwa ya waathiriwa wala ya familia. Ilikuwa ya wanaume waliokasirika tu kwa kuwa ni mwanamke. Hao ukiwauliza wangependa nani, wanataja mwanamume yeyote anayeweza kumwigiza Chester. Hapo mimi naona kinyume kabisa. Kumchagua mwanamke ndiko kulikookoa heshima ya Chester, kwa sababu hakuna atakayemchanganya Emily naye. Journey walimpata Arnel Pineda, Mfilipino, kupitia video za YouTube mwaka wa 2007, kwa sababu alisikika kama Steve Perry. Ana kipaji cha ajabu, lakini kila siku anapimwa kwa rula ya mtu mwingine. Emily ana uhuru wa kufaulu au kuanguka kwa jina lake.

Mizani yangu

Kwa hiyo walikosea? Kumrudisha mtu kwenye kipaza sauti, hapana. Kubaki na jina, hapo mizani inayumba. Kati ya wale sita tuliowajua kwenye mabango, jukwaani sasa wanasimama watatu: Shinoda, Phoenix na Joe Hahn. Mpiga ngoma Rob Bourdon hakurejea, na Delson yumo bendini lakini hazunguki kwenye ziara. Nusu ya watu, jina zima. Ningekuwa mimi, huenda ningefanya kama New Order. Lakini jina hilo walilijenga wao, na sitawaomba walizike ili mimi nijisikie vizuri. Nilichotaka ni familia iambiwe kwanza, na sisi tuambiwe ukweli wote siku ya kwanza.

Juzi niliiweka From Zero tena, safari hii peke yangu kwenye matatu ya usiku, nikaisikiliza yote. Sikumtafuta Chester ndani yake. Yeye yuko kwenye albamu saba, hakuna anayeweza kumtoa humo. Nilimsikiliza Emily kama Emily, na kuna mahali nilijikuta natikisa kichwa kwa mdundo bila kutaka.

Yule jamaa wa kibandani sijamwona tena. Nikimwona nitamnunulia soda, nimuulize alikuwa wapi Chester alipofariki. Nadhani tungeanzia hapo, halafu Emily tungemzungumzia baadaye.

Na wewe, bendi yako ikimpoteza yule unayempenda, ungetaka wazime taa, au ungemwachia mgeni kipaza sauti?