Ukisusa, wenzako wala

Na Zuhura Mwinyi

Wazee wetu wa Pwani humwambia mtoto anayenuna kwenye sinia: ukisusa, wenzako wala. Nimekua nikiisikia kauli hiyo, na mara nyingi ilimrudisha mtoto jamvini, kwa sababu alijua wali hautamngoja. Ila yuko mmoja ambaye haikumtisha kamwe, yule aliyekuwa na nyanya nyumba ya pili. Huyo alivaa ndara zake akaenda. Kwa nyanya kulikuwa na sahani nyingine.

Sahani hiyo hunijia akilini kila wito wa kususia bidhaa unaporudi, na haupiti muda haujarudi. Ukipanda matatu, mtu akilalamikia bei ya unga, hakosi mwingine wa kumjibu kwamba dawa yao ni kuacha kununua. Hao wanaotafutiwa dawa ni matajiri, na kwetu tajiri na mwanasiasa mara nyingi hula sinia moja. Mimi nasimama na mnunuzi. Mpiga kura husubiri miaka mitano na bado haamini kilichohesabiwa, lakini shilingi aliyoifunga kwenye pindo la leso anaijua iko wapi. Akiamua isitoke, ni haki yake.

Ninachodai ni kitu kimoja. Anayeniambia nisusie, anionyeshe kwanza sahani ya pili iko wapi.

Mapema Novemba 2017, baada ya ule uchaguzi wa urais wa marudio wa Oktoba 26 ambao kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, aliukataa, muungano wa NASA uliwataka wafuasi wake waachane na kampuni tatu: Safaricom ya simu, Bidco ya mafuta ya kupikia na Brookside ya maziwa. Muungano ulidai zilikuwa upande wa serikali ya Jubilee. Brookside haikuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa familia ya Uhuru Kenyatta, aliyekuwa rais wakati huo, ina hisa ndani yake. Mombasa ilikuwa ngome ya NASA, na wito uliingia mitaani kwa kishindo.

Jirani yangu wa Mtopanga ana kibanda cha mbao. Asubuhi moja ya siku zile nilimkuta amesimama mbele ya kreti ya maziwa ya nusu lita. Friji hana. Ana ndoo ya maji na gunia bichi la kufunikia. Kwa kawaida kreti ile huisha kabla ya saa tatu, maana watu wanapika chai. Siku hiyo saa nne ilikuwa bado imejaa, na jua la Novemba mnalijua. Mteja alishika paketi, akaigeuza kusoma jina, akairudisha. Akaja mwingine, akafanya vile vile. Mwishowe mama akachukua mkasi, akazikata paketi moja moja, akayamimina maziwa kwenye sufuria na kuyachemsha, ayagandishe, auze maziwa lala yale ambayo yangenunulika. Alikuwa ameyalipia alfajiri kwa mgawaji wa pikipiki. Kwa hiyo kampuni ilikwisha pokea chake. Hasara ya kreti ile ilikuwa ya mwanamke mwenye mkasi, ambaye kura yake ilienda kule kule kwa waliomsusia.

Kwenye mafuta ya kupikia mambo yalikuwa mengine. Wateja wake wengi hununua ya kupima, ya shilingi kumi au ishirini, yanayotoka kwenye jerikeni la lita ishirini. Lebo ya jerikeni lile ilikuwa imebanduka zamani. "Haya ya nani?" mteja mmoja akauliza. "Ya jerikeni," akajibiwa. Akanyoosha chupa yake, akapimiwa. Mwenye uwezo wa kununua kopo lenye jina ana kitu cha kususia. Anayenunua kwa kipimo hajui hata shilingi yake inaishia mfukoni mwa nani.

Laini ya simu ndiyo iliyowashinda watu kabisa. Safaricom ilikuwa na zaidi ya thuluthi mbili ya laini zote nchini, na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilikwisha kuwa ndiyo pochi yetu. Karo ya mtoto, mchango wa chama, rambirambi, malipo ya kijana wa mjengo, vyote hupita humo. Mzee mmoja aliyekuwa mkali kuliko sote barazani alikuja kibandani usiku kutoa pesa alizotumiwa na binti yake wa Nairobi. Hakuna aliyemcheka. Binti angefanyaje? Kutuma pesa moja kwa moja kutoka akaunti ya mtandao mmoja hadi ya mwingine kulianza kwa majaribio Januari 2018, wakati wito ulikwisha poa.

Machi 9, 2018, Raila na Uhuru Kenyatta wakapeana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Sikumwona mtu yeyote aliyepita Mtopanga kumuuliza mama yule alipoteza kreti ngapi. Hilo linaniuma hadi leo.

Sasa twende Montgomery, Alabama. Desemba 1, 1955, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Desemba 5 watu weusi, waliokuwa kama robo tatu ya abiria wote, wakaacha kuyapanda mabasi, na wakaendelea hivyo kwa siku 381. Tunasimuliwa sana hotuba za Martin Luther King, na zilikuwa hotuba kweli. Lakini hotuba haimfikishi mfanyakazi wa ndani kazini alfajiri. Madereva weusi wa teksi walianza kubeba watu kwa senti 10, nauli ile ile ya basi. Mji ulipowalazimisha kutoza si chini ya senti 45, yakapangwa magari ya watu binafsi, yapatayo 300, yakiwa na vituo na saa zake.

Magari yanataka petroli, na petroli inataka pesa. Hapo ndipo anapoingia Georgia Gilmore, mpishi, mwanamke ninayetamani kila mwanasiasa wetu amjue. Alitoa ushahidi mwaka 1956 kwenye kesi aliyoshtakiwa King kwa ajili ya mgomo huo, akafukuzwa kazi mkahawani. Yeye na wenzake wakawa wanapika kuku, keki na pai majumbani mwao, wakiuza mjini, na pesa wakizipeleka kwenye mikutano ya kanisani. Kikundi chao walikiita Club from Nowhere, ili wakiulizwa pesa zimetoka wapi, wajibu bila kusema uongo kwamba hazikutoka popote. Novemba 1956 Mahakama ya Juu ya Marekani ikathibitisha kwamba ubaguzi ule wa kwenye mabasi unavunja katiba. Kwa zaidi ya mwaka, sahani ya pili ilikuwa ikipikwa jikoni kwa akina mama.

Hapa jirani pia tunayo yetu. Mwaka 1937 wafanyabiashara Wahindi wa Zanzibar waligomea biashara ya karafuu, wakipinga sheria iliyotaka kuukabidhi ununuzi kwa Clove Growers' Association, na chama cha Congress kule India kikawataka watu wazikatae karafuu za Zanzibar. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikakubali mapatano. Mpishi wa Bombay aliweza kupika bila karafuu na asilale njaa. Mkulima wa Pemba hakuwa na la kufanya na gunia lake.

Tena kuna kususia ambako hakuna anayekuita hivyo. Maziwa yakipanda bei, nyumba nyingi hurudi kwenye chai ya mkandaa, kimya kimya, bila kipaza sauti wala kiongozi wa kuwasifu.

Jumamosi iliyopita vijana wawili walifika kibandani na orodha kwenye simu. Wakamwamkia vizuri: shikamoo mama. Wakamsomea vitu vya kuondoa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mkono juu ya kreti.

"Nikiyatoa haya, wanangu, hapa niweke nini?"

Mmoja akasema wako wafugaji kule Kilifi.

"Yafika saa ngapi? Wateja wangu wa chai waanza saa kumi na moja na nusu."

Wakatazamana. Kisha yule mdogo akavuta kreti tupu akakaa, akauliza kwa siku huuza paketi ngapi.

"Arubaini na nane," akasema. "Ijumaa huongeza."

Kijana akaanza kuandika.