Mizani ya Mbingu

Juzi barazani, baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja alitueleza kwamba wataalamu wapima jinsi ulimwengu ulivyokua tangu uchanga wake. Mzee mmoja akamkatiza: "Mwanangu, huko ni kuchungulia siri za Mola." Nilinyamaza. Leo namjibu mzee wangu kwa adabu.

Kinachopimwa si siri. Ni nuru iliyoenea mbingu nzima, ambayo Penzias na Wilson waliinasa kwa antena huko New Jersey, Marekani, mwaka 1964. Ilianza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Leo una miaka bilioni 13.8. Jicho haliioni tena. Hunaswa kama mawimbi ya redio. Joto lake karibu ni moja kila upande. Tofauti ni kama sehemu moja katika 100,000. Tofauti hizo ndizo mbegu. Palipozidi kitu kidogo, uvutano ulikusanya zaidi, hata yakatokea makundi makubwa ya galaksi.

Makundi hayo yamejaa gesi yenye moto mkali, na nuru ile ya kale ikipita humo hutiwa alama. Rashid Sunyaev, mzaliwa wa Tashkent, na mwalimu wake Zeldovich ndio walioligundua jambo hili kwa hesabu. Alama hiyo haififii kwa umbali. Basi makundi ya karibu na ya mbali huhesabiwa, ikajulikana yaliongezeka vipi zama kwa zama.

Wala habari hii si ngeni pwani kwetu. Setilaiti iitwayo Uhuru, iliyorushwa kutoka bahari ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilisaidia kuifichua gesi hiyo kwa miali ya eksirei.

Lakini lililonigusa zaidi ni uaminifu. Hesabu ya Planck, setilaiti ya Ulaya, iliyotolewa mwaka 2013, ilikuta makundi machache kuliko zilivyoashiria mbegu zile. Wenyewe hawakuficha. Walisema: ama tumekosea kuyakadiria uzito, ama liko tusilolijua.

Mzee wangu, chuoni tulifunzwa kuwa apunjaye mizani ana dhambi. Huyu asiyepunja hata mizani ya mbingu, kosa lake li wapi? Wazee wetu walipima mwezi na kibla kwa ilimu ya falaki, wala hawakukufuru. Kijana yule tusimkatize. Tumpe daftari, tumwambie apime kwa haki.