Windows 11 kwa saiba za Kegonga: msikimbilie

Tangu Microsoft isimamishe msaada wa bure wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, naulizwa swali moja tu: nipandishe au ningoje? Mimi nasema ngoja hadi umalize kukagua, maana saiba ikilala siku mbili, unga wa nyumbani nao unalala.

Kompyuta zetu nyingi ni mitumba ya Uingereza. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, chipu ya TPM 2.0 na, kama ni Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi (za kizazi cha saba zilizokubaliwa ni chache mno). Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, utaona toleo lako.

Halafu faili. Mitihani ya shule, CV za wateja, hesabu za chama: nakili zote kwenye diski ya nje, kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo hujaifungua mimi siihesabu. Zile siku 10 za kurudi Windows ya zamani zisikudanganye. Zinategemea diski ileile, nayo ikifa umeisha.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni printa. Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Kama yako ni ya biti 32, haipandishwi, inasakinishwa upya, na draiva zake za zamani hazitafanya kazi. Tafuta draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji kwanza. Ukiikosa, bakisha kompyuta moja na Windows 10, ichomoe kwenye intaneti, iwe ya kuchapisha tu.