Kuhama Chama si Kuhama Haki

Mtu arudishapo kadi ya chama, wengine hudhani amepoteza pia haki ya kupiga kura. Sivyo. Katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura hapaandikwi chama cha mtu. Ahamaye kata sharti arekebishe taarifa zake. Ahamaye chama hana la kurekebisha humo. Nayo Ibara ya 20 ya Katiba yakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote.

Wanaobanwa ni waliochaguliwa. Kwa Ibara ya 71, mbunge aachaye chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti. Ndivyo ilivyokuwa Kinondoni na Siha: wabunge wao walihama mwaka 2017, na wananchi wakaitwa tena kupiga kura Februari 2018. Kiti ni amana ya wapiga kura. Dhamiri ni ya mtu mwenyewe.

Basi asitokee wa kumtisha jirani, kumnyima msaada, wala kumtaka akabidhi kadi yake ya mpiga kura kwa kuwa amehama chama. Kadi hiyo ni ya raia, si ya chama. Itunzeni.